Hadithi ya nkambo na fotokopi za mwalimu

Katika shule moja ya sekondari ya komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, kijana mmoja alipata alama 16 juu ya 20 kwa hadithi aliyoandika. Msichana anayeketi nyuma yake alipata 12. Hadithi ilikuwa ileile. Msichana huyo alifika mjini na mama yake kutoka upande wa Pweto, walipokimbia vita, na hadithi aliisikia kwa nkambo yake. Kijana aliinakili kwa mwandiko mzuri, akatia jina lake juu.

"Nyumba tuliiacha, mbuzi tuliwaacha," msichana alimwambia mwalimu. "Ile hadithi ndiyo nilibeba."

Mwalimu alikasirika. Alifuta zile 16, akampa msichana, akikiri kwamba mwandiko ndio ulimdanganya. Kisha akaanza kuwaeleza wanafunzi haki ya mtunzi. Aliwatajia sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986: kazi ni ya aliyeitunga, na haki hiyo inadumu miaka 50 baada ya kifo chake. Mfano aliuchukua karibu, kwa Jean Bosco Mwenda wa Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga gitaa na kuimba Masanga. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza wimbo huo mpaka sasa. Bosco alifariki mwaka 1990, kwa hiyo kwa hesabu ya sheria yetu kazi zake zinalindwa mpaka 2040.

Mkono ukainuka. Alikuwa yule kijana.

"Prof, na kitabu cha sarufi je? Wewe ulipiga fotokopi kitabu chote."

Darasa likanyamaza. Kweli, shule ina kitabu kimoja tu, na kila mwanafunzi alilipa franka zake kwa mwenye mashini ya fotokopi karibu na soko. Hata ukurasa wa jalada, wenye jina la mwandishi, uliachwa ili kupunguza bei.

Mwalimu hakumfokea. Aliwaambia kwamba Mkataba wa Berne, ambao Kongo imo tangu 1963, unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu kazi ya mtu itumike katika kufundisha, kwa kadiri somo linavyohitaji, na mtunzi atajwe. Kunakili kifungu kwenye tablo ili wakichambue, ndiyo. Kitabu kizima, hapana. "Hapo nilipita mpaka," alisema.

Lakini tuseme ukweli. Mtoto aliyefika mjini na nguo alizovaa tu, nani atamwambia akanunue kitabu? Mwalimu peke yake hawezi kulimaliza jambo hilo, na wazazi wengi wanaosoma hapa wanalijua kuliko yeye. Jina la mwandishi lilikuwa jambo lingine: lilihitaji karatasi moja.

Kesho yake alikuja na kitabu chenyewe. Aliandika kwenye tablo jina la mwandishi, la mchapishaji na mwaka, kila mmoja akayanakili juu ya karatasi zake. Kijana alipewa siku tatu alete hadithi ya kwao.

Msichana naye aliomba arudishiwe daftari. Chini ya jina lake aliongeza jina la nkambo, aliyebaki kijijini.