Alama ya Mnyama na Mfuko wa Mbolea



Majuma ya mwisho ya mwaka wa Kanisa hutukuta sisi wa Ufipa tukiwa shambani. Wakati mvua za kwanza za Novemba zinalainisha ardhi na kila kaya inahesabu mbegu zake, masomo ya Misa yanatusimulia habari za jua kutiwa giza, nyota kuanguka na Hekalu lisilobaki jiwe juu ya jiwe. Padre anayeyahubiri maneno hayo mbele ya watu wenye udongo kwenye viatu hana budi kuwaambia waziwazi: je, tupande au tusipande?

Swali hilo sikulibuni. Mzee mmoja ninayemheshimu, msali rozari wa kila siku, alikataa kujiandikisha katika mpango wa mbolea ya ruzuku ulioanza nchini msimu wa 2022/2023. Mkulima aliyesajiliwa hupewa namba, na kwa namba hiyo hununua mbolea kwa wakala kwa bei nafuu. Mzee alinifungulia Ufunuo wa Yohane, sura ya 13, pale inaposemwa kwamba mtu hataweza kununua wala kuuza asipokuwa na chapa ya mnyama au hesabu ya jina lake. “Baba,” aliniambia, “bila namba sinunui. Sasa nisome nini tena hapo?” Bei ya kawaida hakuimudu. Alipanda bila mbolea, na wakati wa mavuno ghala lake halikufika nusu. Nalo ndilo linalolisha wajukuu wake wanne.

Hoja ya mzee si ya kudharauliwa. Aliyachukua Maandiko kwa uzito kuliko wengi wetu tunaoyasikia Dominika na kuyasahau kabla ya chakula cha mchana. Ila alidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba kuna njia mbili tu: ama unasoma kama ilivyoandikwa, ama unasoma “kiroho”, yaani unalikwepa Neno kwa maelezo mazuri.

Mafundisho ya Kanisa hayako hivyo. Katekisimu (namba 115 hadi 118) inatambua maana ya maandishi na maana ya kiroho, nayo inamfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyefundisha kwamba maana zote za kiroho zinajengwa juu ya maana ya maandishi. Na Tomaso huyo huyo alieleza kwamba Maandiko yanapotaja mkono wa Mungu, maana ya maandishi si kwamba Mungu ana kiungo cha mwili. Ni kwamba ana nguvu ya kutenda. Kwa hiyo anayekitambua kitabu cha mafumbo kuwa ni kitabu cha mafumbo hajaikimbia maana ya maandishi. Ameifikia.

Tumrudie basi yule mnyama. Yohane aliyaandikia makanisa saba ya Asia, watu walioishi chini ya makaisari waliotaka kufukizwa ubani kama miungu. Kwa Waebrania herufi zilikuwa pia tarakimu, na jina “Neron Kaisari” likiandikwa kwa herufi hizo na kujumlishwa linaleta 666. Baadhi ya nakala za kale zina 616 badala yake, tofauti ambayo Mtakatifu Ireneo aliijua tayari katika karne ya pili. Na “Nero” bila herufi ile ya mwisho huleta 616 barabara. Wataalamu wengi huona hapo kwamba wasomaji wa kwanza walimjua aliyekusudiwa. Chapa nayo, ya mkononi na kwenye paji la uso, msikilizaji aliyekulia katika Torati aliitambua mara moja, kwa kuwa Kumbukumbu la Torati 6:8 linaagiza amri za Mungu zifungwe mahali hapo hapo. Swali la Yohane ni nani anayetawala matendo ya mkono wako na mawazo ya kichwa chako. Daftari la wakala wa mbolea haliwezi kulijibu kwa niaba yako.

Wala hilo halina maana kwamba fumbo lilikufa pamoja na Nero. Kila mamlaka inayodai kuabudiwa huvaa ngozi ya yule mnyama, na hiyo ndiyo maana ya kiroho inayotuhusu hata leo.

Jirani zetu, ng’ambo tu ya mpaka, waliwahi kuonja uchungu wa jambo hili. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha zake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala. Vita ilikuwa imewachukua watu kuwa wapagazi na kuwamalizia chakula. Ndipo Hanoc Sindano na wenzake, wahubiri wa mafundisho ya Watch Tower, yaliyoitwa baadaye Kitawala, walipowaambia Wamambwe na Wanamwanga kwamba mwisho umekaribia na utawala wa Wazungu unaondoka. Mwaka 1919 serikali iliwakamata wengi. Mimi siwezi kuwacheka watu wale. Aliyebebeshwa mizigo ya vita isiyo yake ana sababu ya kutamani ulimwengu huu uishe kesho.

Lakini kiu ya tarehe imeua. Huko Kanungu, Uganda, kikundi ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki, na ambacho miongoni mwa viongozi wake alikuwamo hata mtu aliyekuwa padre, kilingoja mwisho ufike mwaka 1999 ukiisha. Watu waliuza mali zao. Mwaka ulipita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la sala. Huko Shakahola, Kenya, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioelezwa kwamba kufunga hadi kufa ni kwenda kumlaki Yesu. Naandika haya kwa sababu tunapenda kusema kwamba upotovu huo ni wa madhehebu mengine. Kanungu inatunyima faraja hiyo. Mtume Paulo alikutana nao Thesalonike, akawaagiza waliongoja Siku ya Bwana kwa mikono mitupu wafanye kazi na wale chakula chao wenyewe (2 Thes 3).

Kinachonisumbua zaidi, hata hivyo, ni upande wa pili. Kuna unabii ambao hauna fumbo hata moja, na huo ndio tunaoupenda kuusoma “kiroho”. Amosi, mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, aliwakemea katika sura ya 8 wafanyabiashara wasioweza kungoja sabato ipite ili wapunguze kipimo, waongeze bei na kupotosha mizani. Hapo hakuna mnyama wala pembe kumi. Pana nafaka na kipimo tu. Kwa Amosi mwuzaji ndiye aliyepunguza kipimo; kwetu mnunuzi hukikuza, kwa debe lililotanuliwa kwa nyundo na kwa lumbesa, gunia lenye kilemba ambalo sheria ya vipimo inalikataza na bado linapakiwa mchana kweupe. Sijawahi kuletewa swali na mtu aliyeogopa debe lake kuwa ndiyo chapa.

Masimulizi ya Ufipa yanamkumbuka Kaswa, mwaguzi wa kabla ya ukoloni, ambaye habari zake ziliandikwa na mwanaanthropolojia Roy Willis na kuchapishwa mwaka 1970. Inasimuliwa kwamba alitabiri ujio wa wageni, na kwamba kila kitu kingekuja kuwa na bei, hata majani na udongo. Sisemi kwamba Kaswa ni nabii wa Biblia. Nasema tu kwamba wazee wanaomsimulia hawatafuti tarehe ndani ya maneno yake. Wanasikia onyo juu ya moyo wa binadamu sokoni. Masikio hayo hayo tungeweza kuyapeleka kwa Amosi.

Alhamisi hii jumuiya zote ndogo ndogo zitasoma Amosi sura ya 8, aya ya 4 hadi ya 7, badala ya Ufunuo. Wenyeviti wawaalike pia wanaonunua mahindi, na mwenye debe aje nalo. Mizani ya parokia itakuwapo.