Povu lililotaka kumfukuzisha dada wa kazi

Mpe mama wa Kitanzania sabuni isiyotoa povu, kisha mwambie hiyo ndiyo bora. Atakutazama kama tapeli wa mnadani.

Wala hana kosa. Tumelelewa hivyo. Kwenye beseni, povu ndiyo kipimo chetu: likijaa unafua, likikata unajua uchafu umeila sabuni, unaongeza. Kwa mikono na mche wa sabuni, kanuni hiyo inafanya kazi vizuri tu. Matatizo yanaanza tunapoitoa kwenye beseni na kuipeleka kwenye mashine ya kufulia, hasa zile mashine kuukuu za Ulaya ambazo siku hizi zinauzwa mitumba kila mahali.

Niliyashuhudia hayo Julai mwaka jana, nilipokwenda likizo ya wiki mbili kwa shangazi yangu, Lushoto.

Wanaoijua Lushoto wanajua Julai ni mwezi gani. Baridi inaanza ukishapita Soni, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, na nguo uliyoianika Jumatatu unaweza kuikuta mbichi Jumatano. Nyumba yenye mtoto mdogo inateseka zaidi. Shangazi analea mjukuu wa mwaka mmoja na miezi miwili, mama yake yuko chuoni Morogoro. Kwa hiyo wazee fulani wa Kizungu walipokuwa wanarudi kwao na kuuza vitu vya ndani, shangazi alinunua mashine yao ya kufulia. Mji huu haujawahi kukosa vitu vya Ulaya. Enzi za Wajerumani uliitwa Wilhelmstal, na hadi leo wamisionari, watafiti na watu wa kujitolea wanakuja na kuondoka.

Mashine hiyo ni nyembamba, inafunguliwa juu, nembo imefutika na maandishi ya vitufe ni ya Kijerumani. Nilipofika, ilikuwa imekaa siku tatu bila kufanya kazi. Ilikuwa imetapika povu kupitia mfuniko mpaka koridoni, ikakataa kutoa maji, ikazima. Fundi aliyeitwa akasema pampu imekufa, aandaliwe shilingi 120,000. Na shangazi alikuwa ameshatoa hukumu: dada wa kazi ndiye aliyeiua, atakatwa mshahara mpaka iishe, kisha arudi kwao.

Binti mwenyewe ana miaka 19, anatoka upande wa Mlalo. Mshahara wake ni 80,000 kwa mwezi. Piga hesabu.

Sikutaka kuingilia. Kilichonifanya niulize maswali ni mtoto. Alikuwa na vipele vyekundu shingoni, viunoni na kwenye vifundo vya mikono, anajikuna mpaka anaamka usiku. Bibi yake alisema ni meno. Jirani alisema ni joto. Joto, Lushoto, mwezi wa Julai? Nilichokiona mimi ni kwamba vipele vilikaa pale nguo inapobana: kola, mpira wa suruali, ncha za mikono ya sweta. Usoni alikuwa safi.

Tulimpeleka kituo cha afya, na hilo nalisisitiza kwa kila mzazi, kwa sababu si kila kipele ni sabuni. Upele wa kuambukiza, kwa mfano, unawasha zaidi usiku, unapenda katikati ya vidole, na mara nyingi watu wengine nyumbani nao wanajikuna. Kuna fangasi, kuna pumu ya ngozi inayotembea kwenye familia. Mtoto akiwa na homa, vipele vikitoa usaha au akikataa kunyonya, usikae nyumbani kubuni. Tabibu alimkagua, akauliza swali moja lililonipa raha kama mwandishi wa afya: "Nguo zake mnafulia nini?"

Tuliporudi nilifanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya jioni hii. Nilichukua taulo la mtoto, lililofuliwa, kukaushwa na kukunjwa kabatini. Nikaliweka kwenye beseni la maji safi ya vuguvugu, bila sabuni yoyote, nikalisukasuka. Maji yakatoa povu. Nikayamwaga, nikaweka mengine. Povu tena. Mara ya nne ndipo yakatulia.

Maana yake mtoto alikuwa amevaa sabuni. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na inakauka haraka kuliko yetu. Sabuni iliyobaki kwenye nyuzi, ikikutana na jasho au udenda, inaichubua kidogo kidogo. Nguo nzito za baridi zinaongeza msuguano.

Sasa tuje kwenye sabuni yenyewe, na hapa ilibidi nitembee kwa adabu. Shangazi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kinachotengeneza sabuni ya maji. Wanauza kwenye madumu ya lita tano, na inapendwa mtaani kwa sababu moja: povu. Waliowahi kuhudhuria mafunzo ya ujasiriamali wanaijua hesabu hiyo: salfoniki, slesi, magadi soda, chumvi, rangi, manukato na CDE. Slesi inatoa povu kwa wingi. CDE kazi yake kubwa ni kulifanya povu hilo likae, lisife haraka. Chumvi inaifanya sabuni iwe nzito, ndiyo maana uzito wa sabuni ya maji si kipimo cha nguvu yake. Kwa kuoshea vyombo, kudekia na kufulia kwa mikono, ni sabuni nzuri kabisa, mradi salfoniki imepozwa sawasawa na kupimwa kwa karatasi ya pH. Ikibaki na ukali inakula hata mikono ya mfuaji.

Ndani ya mashine ile ni balaa.

Mashine nyingi za kufungulia juu tunazoziona madukani zina pipa lililosimama kama ndoo, na zinavumilia povu kiasi. Zile za Ulaya ni jamii nyingine. Zinafunguliwa juu, lakini ndani pipa limelala ubavu, lina vimilango vyake viwili vya kufunga, na linazunguka kama gurudumu. Nguo zinapandishwa juu na kudondoshwa kwenye maji machache, tena na tena. Ule mdondoko ndio unaosafisha. Sasa fikiria umepiga mayai kwa nguvu hiyo hiyo: povu linajaa, nguo zinadondokea kwenye mto laini badala ya kupigana, na uchafu unabaki. Juu ya hapo mashine hizi zinachemsha maji zenyewe, nyuzi 60 au hata zaidi, na joto linalipandisha povu. Pampu imetengenezwa kusukuma maji. Ikipewa povu inazunguka bure, na mtu anaisikia ikilalamika anasema imekufa. Kijibomba cha kupimia kina cha maji nacho kikiingia povu kinaidanganya mashine kuhusu kiasi cha maji kilichomo. Mashine nyingi za kisasa zinatambua hali hiyo, zinapumzika na kuongeza suuza. Kuukuu haina habari, inaendelea tu.

Wazungu wenyewe walilipata tatizo hili mashine za pipa la kulala zilipoenea kwao. Mwaka 1957 kampuni ya Henkel ya Ujerumani ilitoa Dixan, sabuni ya unga ya povu dogo kwa ajili ya mashine hizo. Mpaka leo sabuni za mashine zinawekewa kizuia povu. Ndiyo maana zinaonekana "hazifanyi kazi" kwa jicho letu.

Halafu kuna maji, jambo ambalo nadhani hata fundi hakulifikiria. Shangazi alihamia Lushoto kutoka kijiji cha pwani, kando ya Tanga, ambako alizoea maji ya kisima. Huko chini kuna mawe ya chokaa na matumbawe. Mapango ya Amboni yenyewe yamechongwa na maji ndani ya chokaa. Maji yake ni magumu, yamebeba kalisi, sabuni ya mche inakataa kutoa povu na inaacha utando mweupe kwenye beseni. Unalazimika kumwaga sabuni nyingi. Maji ya milima ya Usambara yanapita kwenye miamba migumu ya kale isiyo na chokaa nyingi, yanashuka kwa mserereko mpaka bombani yakiwa laini. Tone dogo la sabuni linatosha. Kipimo cha pwani, ukikipandisha mlimani, ni mara mbili au tatu ya kinachohitajika.

Binti alikuwa anafuata maagizo. "Weka kikombe kizima," ndivyo alivyoambiwa, na alivyosema nguo za mtoto zinanuka sabuni hata zikikauka, akaambiwa huo ndio usafi.

Kumwambia shangazi haya si kazi ndogo. Nilimkuta jikoni anachambua maharage.

"Kwa hiyo unasema sabuni yangu mbaya?"

"Hapana, shangazi. Ni nzuri mno. Shida ndiyo hiyo."

Alinyamaza, akachambua maharage mengine. "Na hilo taulo, lilete nilione."

Nililifanya jaribio mbele yake, kwa taulo lake mwenyewe. Hakusema neno. Aliingiza mkono kwenye maji, akalisugua povu kati ya vidole, akalinusa. Anaijua sabuni yake.

Suala la mshahara nililipitisha kwa mume wake, maana kuna maneno mtoto wa kaka hamwambii shangazi usoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya kitu kilichoharibika ila iwe ni kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Sheria hiyo inamhusu pia binti anayelala chumba cha uani kwako. Nimeandika habari za afya miaka minne sasa, na nimechoka kusikia kwenye kila nyumba kwamba kilichovunjika kimevunjwa na dada. Mjomba alisikiliza, akasema, "Niachie mimi." Usiku huo niliwasikia wakiongea mpaka taa ikazimwa.

Asubuhi tulichomoa waya ukutani kwanza. Hilo lisirukwe: sakafu yenye maji na povu si mahali pa kushikashika mashine yenye umeme. Tulikuwa na bahati kwamba povu lilikuwa limeshakaa siku tatu na kushuka lenyewe. Tulikinga maji kwa kushusha bomba la kutolea kwenye ndoo, tukafungua kichujio cha pampu. Humo mlikuwa na nyuzi za sweta, kifungo na uteute wa sabuni kama uji. Baada ya kusafishwa, tukaiwasha bila nguo, bila sabuni, maji ya baridi. Povu lilitoka tena, pungufu. Tukarudia. Mara ya tatu tuliweka kijiko kimoja cha dawa ya kulainisha nguo, ambayo inalivunja povu. Siki nayo inasaidia, ila kamwe usiichanganye na jiki au dawa yoyote ya klorini ya kutoa madoa. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na mtoto akiwa karibu ni hatari zaidi. Wala usiifanye dawa ya kulainisha kuwa mazoea kwenye napi za kitambaa. Zinaacha kunyonya mkojo.

Pampu ilikuwa nzima. Fundi alilipwa nauli na ukaguzi, 15,000, akaondoka akisema mashine hizi za zamani zina akili zake.

Nguo zote za mtoto zilisuuzwa upya, mashine mbili nzima, maji matupu. Sabuni iliyonunuliwa ni ya unga yenye mchoro wa mashine na neno "Auto" kwenye pakiti, kijiko kimoja kikubwa cha chakula kwa nguo chache za mtoto. Kwa maji ya mlimani tunaanza na nusu ya kinachoandikwa, tunaongeza tu nguo zikitoka chafu. Nguo za kinyesi zinatangulia kwenye beseni, huko ndiko sabuni ya kikundi inakofanya kazi yake. Mtoto alipakwa mafuta mazito kila baada ya kuoga, kama tabibu alivyoelekeza. Siku ya sita alilala usiku mzima, na mimi pia.

Binti yupo. Mshahara wa Julai alipewa wote, mkononi, mbele ya mjomba. Shangazi hakumwomba radhi kwa maneno. Alimnunulia sweta sokoni na kumpa ufunguo wa kabati la sabuni, na kwa wanaomfahamu shangazi hiyo ni hotuba ndefu.

Kikundi nacho kinaendelea. Mwezi uliopita alinitumia picha ya madumu mapya yamepangwa barazani, kila moja limebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: VYOMBO, SAKAFU NA KUFUA KWA MIKONO. SI YA MASHINE. Chini yake, kwa herufi ndogo: weka mbali na watoto.