Boriti za Lamu na Nguzo za Plastiki: Safari ya Kutafuta Hesabu ya Ua



Mwezi uliopita nilifunga safari ya kwenda Lamu, si kwa maulidi wala kwa matembezi, bali kwa ajili ya ua. Madrasa ya mtaa wetu hapa Mombasa imezungukwa na ua wa nguzo za mbao, na katika miaka sita ua huo umeanguka mara mbili. Mchwa huanzia chini, pale nguzo inapoingia mchangani. Juu mti huonekana mzima, kumbe chini umebaki unga. Ulipoanguka mara ya pili, mtoto wa miaka minne alipenya kwenye mwanya akakutwa kando ya barabara ya magari. Alhamdulillahi, alirudishwa salama. Lakini tangu siku ile mama yake hakumleta tena, nasi tuliopewa amana ya kutunza fedha za wakfu hatukuwa na neno la kumwambia.

Fedha zenyewe ni michango ya wanawake: wauza mahamri na viazi karai, washonaji, na mjane mmoja aliyeuza bangili yake. Kamati iligawanyika. Wengine walisema tununue mbao kama kawaida, kwa kuwa ndizo rahisi. Wengine walikuwa wamesikia habari za nguzo na mbao zinazotengenezwa kwa plastiki iliyokwisha kutumika, nao wakataka tuzitie kila mahali, hata kwenye dari ya darasa jipya tunalokusudia kujenga. Kwa kuwa nina shangazi Lamu, na kwa kuwa mji ule unajua mti na sasa unaijua plastiki, niliombwa niende nikaone kwa macho yangu.

Basi liliondoka alfajiri. Tukapita Kilifi na Malindi, tukavuka mto Tana kule Garsen, tukapita Witu, na mwisho tukafika Mokowe, ambako barabara hukoma na safari huendelea kwa mashua. Mikoko ilisimama kando ya maji, mizizi yake imepinda kama vidole vilivyoshika matope. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti ya Lamu, na chini ya mizizi hiyo ndimo samaki na kamba wengi wanamokulia kabla ya kutoka kwenda baharini.

Nyumba ya shangazi iko Mkomani, katika ule mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Nilipolala chali usiku wa kwanza nilizihesabu boriti zile moja baada ya nyingine. Chumba ni kirefu lakini chembamba, kama vilivyo vyumba vyote vya nyumba hizi, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Nyumba nyingi za mawe za Lamu ni za karne ya 18, na zimo boriti ambazo zimewabeba watu kizazi baada ya kizazi.

Asubuhi, baada ya shikamoo na kahawa, nilimuuliza shangazi siri yake. Akanipeleka jikoni akanionyesha boriti moja mpya, nyeupe katikati ya zile nyeusi.

"Mwanangu," akasema, "boriti haiuliwi na miaka, huuliwa na maji. Sakafu ya juu ilifanya ufa, nikasema nitatia chokaa mwaka ujao. Nikasema hivyo miaka mitatu. Chokaa ya ufa ule ingekuwa ndoo moja. Nimeishia kulipa boriti, fundi, na dari nzima ya upande huu."

Maneno hayo niliyaandika. Mti uliofunikwa ukawa mkavu huishi muda mrefu mno, hasa mkoko, ambao una utomvu mkali usiopendwa na wadudu. Mti uliosimama mchangani ukinyeshewa na kukauka, ukinyeshewa na kukauka, ni habari nyingine kabisa. Kumbe kuuliza mbao hudumu miaka mingapi hakutoshi. Sharti pia tuulize itakaa wapi.

Mikoko nayo ina hesabu yake ya zamani. Wakataji huipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na huiuza kwa korja, yaani ishirini ishirini. Zamani majahazi yaliibeba hadi Arabuni na Ghuba, mpaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Mwaka 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini ulisimamishwa tena. Anayejenga leo hawezi kudhani kwamba mti utapatikana daima kwa bei ya jana.

Baada ya sala ya alasiri nilikwenda kuonana na fundi mmoja wa majahazi. Lamu ndiko kulikojengwa Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa fukweni na mitaani, takriban tani 10, na kuvishwa kandambili zipatazo 30,000 za kila rangi. Kazi hiyo iliongozwa na fundi Ali Skanda wa hapo Lamu. Jahazi lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Nilitarajia kwamba fundi niliyemwendea, naye akijua habari hizo, angeniambia nisahau mbao.

Hakusema hivyo. Aliweka ubao wa plastiki juu ya mawe mawili, akaweka ubao wa mti wa unene uleule kando yake, kisha juu ya kila mmoja akapachika ndoo ya mchanga. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, jua bado kali, ule wa plastiki ulikuwa umebonyea katikati, na ule wa mti umekaa vilevile.

"Huu hauozi, hauliwi na mchwa, wala hautaki rangi," akasema akiugonga wa plastiki. "Lakini ukiubebesha mzigo usiku na mchana, hulegea. Joto likizidi hutanuka, kwa hiyo uuachie nafasi. Na moto ukiushika, huyeyuka na moshi wake ni sumu. Mama, usiwawekee watoto dari ya kitu hiki."

Usiku ule nilikaa na kalamu. Bei hubadilika kila mahali, kwa hiyo hesabu ninayowaletea ni ya mfano tu, kila mmoja atie bei za kwao. Tuseme ua unataka nguzo 40. Nguzo ya mbao isiyotiwa dawa ni shilingi 600, ya plastiki ni shilingi 1,500, na ujira wa fundi ni shilingi 8,000 kila anapoitwa. Siku ya kununua, ua wa mbao utagharimu shilingi 32,000 na wa plastiki shilingi 68,000. Anayetazama siku hiyo peke yake atachagua mbao, nasi ndivyo tulivyofanya mara mbili.

Sasa tutazame miaka 15. Ikiwa mbao hudumu miaka mitatu kama yetu, tutajenga ua mara tano: shilingi 160,000. Kwa upande wa plastiki, hata tukikadiria kwamba robo ya nguzo zitaharibika njiani tukazibadilisha kwa shilingi 23,000, jumla ni shilingi 91,000. Kila mwaka wa ua wa mbao umetugharimu zaidi ya shilingi 10,600, na kila mwaka wa ua wa plastiki chini ya shilingi 6,100. Kile tulichokiita rahisi kimekaribia mara mbili ya kile tulichokiita ghali.

Lakini insafu inataka tuseme yote. Ipo mbao iliyotiwa dawa kiwandani. Tukisema nguzo yake ni shilingi 900 na hudumu miaka 10, tutajenga mara mbili kwa shilingi 88,000, na mizani itakaribia kulingana. Wenye plastiki mbali au usafiri ghali huenda wakaona hiyo ndiyo afadhali. Ila kina mama wajue kwamba mbao nyingi za aina hiyo hutiwa shaba, kromi na aseniki. Vipande vyake visitiwe mekoni hata siku moja, kama ambavyo vipande vya plastiki navyo havifai kuwasha moto.

Tena ziko gharama ambazo hazimo katika risiti. Mkoko uliokatwa bila kupandwa mwingine humpunguzia mvuvi samaki. Plastiki iliyoachwa ufukweni humdhuru kasa na huziba mitaro ya mtaani. Ikigeuzwa nguzo, angalau imepewa kazi. Hata hivyo nguzo ya plastiki ikichakaa kwa jua humenyeka vipande vidogo mno, kwa hiyo ikifika mwisho wake haifai kutupwa, bali irudishwe kwa wanaoisaga upya. Tukinunua tuulize kwanza kama muuzaji ataipokea.

Niliporudi Mombasa niliwasomea kamati orodha mbili. Ya kwanza: vitu vinavyogusa mchanga, mvua na maji ya chumvi, yaani nguzo za ua, mabenchi ya uani na kizingiti cha mahali pa kutawadhia. Hivyo viwe vya plastiki. Ya pili: vitu vinavyobeba mzigo juu ya vichwa vya watoto, yaani dari na paa la darasa. Hivyo viwe vya mti, na tutenge kila mwaka fedha kidogo za kuziba nyufa kabla ya masika, ili tusilipe kama alivyolipa shangazi.

Mjadala ulikuwa mrefu, kwa kuwa shilingi 68,000 hatukuwa nazo. Mjane yule wa bangili ndiye aliyesema tujenge kwanza upande wa barabarani, na pande nyingine zifuate kadiri Mwenyezi Mungu atakavyotujaalia. Tukakubaliana hivyo. Nguzo 12 za mwanzo zimekwisha kusimikwa, na Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama wa yule mtoto kumwomba aje azitikise kwa mkono wake mwenyewe. Amesema atakuja.