Mume Wangu na Vidonge Vyangu

Nina kifafa, nina kazi, na nina mume. Wapo wanaume wanaokagua simu za wake zao. Wa kwangu, mpenzi msomaji, anakagua kopo langu la dawa! Carbamazepine, asubuhi na usiku. Kidonge kikibaki, naulizwa.

Mwanzoni nilikuwa naudhika, naona kama nachungwa. Kisha ukaja ule mwezi ambao zahanati yetu iliishiwa dawa. "Njoo wiki ijayo, dada." Wiki ijayo hamna, famasi mbili za mtaani nazo hamna. Siku ya nne nikaanguka jikoni, uji wa moto ukanichoma mkono. Watu wanadhani dawa ya kifafa ni kama ya kichwa, unameza siku unayoumwa. Wapi! Inazuia kifafa kisije, na ukiikata ghafla kinaweza kurudi kwa nguvu, hata kisikatike. Kikizidi dakika 5, ni kukimbizwa hospitali.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri, lakini katika nchi maskini kama robo tatu hawapati matibabu wanayohitaji. Mimi nilikuwa sijaanguka miaka mitatu. Siku nne tu, bwana.

Sasa tunanunua mapema na tunaweka akiba. Mume wangu anajua kunilaza ubavu, kutazama saa, na kutonitia kijiko mdomoni hata mama mkwe apige kelele vipi. Mama naye alitaka nipelekwe kwa mtaalamu wa mizizi. Akajibiwa kwa adabu, "Mama, ataenda popote, ila vidonge haviachwi." Siku hiyo nilimpenda upya.

Kazi ilikuwa kwenye suala la mtoto. Wadada, carbamazepine inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ulizeni, maana wengi hatuambiwi. Na tulipotaka mtoto, shangazi akashauri niache dawa miezi tisa. Daktari akakataa katakata: kuanguka kunaweza kumdhuru mama na mtoto. Anayetumia valproate ndiye hasa awahi kwa daktari kabla ya mimba, kwani inaweza kumletea mtoto ulemavu, lakini naye asiikate mwenyewe. Mimi dozi yangu ilipangwa upya, nikaanzishiwa na asidi ya foliki.

Nina miezi sita sasa, sijaanguka. Shangazi bado amenuna.