Barua kutoka California: Tisa, Kumi na Jicho la Mpimaji



Mjomba, uliniuliza kwenye simu kama ni kweli huku watu wazima wanauziana kadi za karatasi kwa bei ya nyumba. Ni kweli. Januari 2021 kadi ya Michael Jordan, iliyotolewa na kampuni ya Fleer mwaka 1986, ilinunuliwa kwa dola 738,000. Ila si kila kadi ya Jordan ya mwaka ule. Hiyo ilikuwa imepewa alama 10 za ubora. Ikipewa 9, bei inaporomoka, mwenye kadi anabaki na sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Alama zinatolewa na makampuni, na kubwa kuliko yote, PSA, iliyoanza kazi mwaka 1991, ina makao makuu katika mji huu ninaoishi, Santa Ana. Unapeleka kadi na ada. Mpimaji anaikagua kwa lenzi chini ya taa kali: pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Kisha inafungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba. Tangu hapo wanunuzi wengi hawaangalii kadi tena, wanaangalia lebo.

Dukani kwa jamaa mmoja hapa nimeshika 9 na 10 za mchezaji yuleyule, nikazigeuza mbele na nyuma, nisione tofauti. Mwenye duka akanipa lenzi: kwenye pembe ya chini ya ile 9 kulikuwa na weupe mdogo kama chembe ya unga wa mtama. Basi! Akaniambia wapo wateja wake wanaovunja kasha la 9, wanairudisha kadi kwa kampuni ileile, na safari nyingine inarudi na 10. Nyingine inarudi na 8. Kadi ni ileile. Aliyebadilika ni mtazamaji, au ni yuleyule ila sasa ameshakula mchana. Na kila safari ada inalipwa.

Kisa kinachowauma zaidi wakusanyaji wa kadi ni cha Honus Wagner, mchezaji wa besiboli ambaye kadi yake ilitiwa kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Kadi moja ya Wagner ndiyo ya kwanza kabisa kupewa cheti na PSA, mwaka 1991, ikapata 8. Mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro akakiri mahakamani Chicago kwamba alikuwa ameikata kingo ili ionekane mpya. Kwa kanuni za wapimaji wenyewe, kadi iliyokatwa haistahili alama yoyote.

Nakuandikia haya kwa sababu ya mawe mnayochimba huko kwenu. Mwendo wa saa moja hivi kusini mwa hapa, Carlsbad, kuna makao ya GIA, ile maabara ya vito ambayo madalali wenu huitaja. Almasi wanaipangia rangi kwa herufi, D mpaka Z, wakiilinganisha na mawe ya mfano, na inapita kwa zaidi ya mpimaji mmoja. Kwa rubi cheti chao kinaeleza ni jiwe gani, limechomwa moto kuboresha rangi au halijachomwa, pengine na limetoka wapi. Ngazi ya herufi haimo. Nadhani wamefanya busara. Wewe unajua kuliko mimi kwamba tochi ya mwanga wa njano huiongezea rubi wekundu, na kivuli cha turubai la bluu huufifisha.

Ndiyo maana siachi kuyafikiria machimbo ya rubi ya Winza, huko kwenu Mpwapwa, mwaka 2008. Rubi nyingi nzuri za pale hazikuhitaji kuchomwa, na sifa hiyo Ulaya hupandisha bei sana. Aliyechimba alikuwa ameshalipwa kabla swali la kuchomwa halijaulizwa, kwa neno la mtu mmoja aliyechuchumaa na tochi.

Tangu 2019 tuna masoko ya madini, na Tume ya Madini iko hapo Dodoma. Ni hatua kubwa. Uzito mizani inausema, haubishaniwi. Ubora bado ni jicho la mtu, na jicho silipingi. Nataka lieleze limeona nini. Kampuni nyingine ya kadi, Beckett, huweza kuandika kwenye lebo alama nne tofauti, za katikati, pembe, kingo na uso, ili ujue umepoteza wapi. Hata mtahiniwa wa kidato cha nne ana haki ya kukata rufaa. Mchimbaji wa Winza amekosa nini?

GIA hao hao walitengeneza kijitabu cha picha kwa Kiswahili cha kuchambua mawe ghafi, wakakijaribu na wachimbaji wanawake mkoani Tanga mwaka 2017. Kitafute, mjomba.

Na lile jiwe walilopata vijana wako msiliuze kwa neno la dalali mmoja. Waonyeshe wanunuzi wawili, siku tofauti, nje ya turubai, jua likiwa limeshapanda. Atakayesema ni daraja la pili aandike kwa nini. Mkifika sokoni Dodoma, mwombeni mthamini hivyohivyo, kwa adabu, na msiondoke bila karatasi.

Mpwa wako.