Birika la Ndege: Ujuzi wa Lamu Katika Bustani ya Mjini

Mkazi wa Nairobi akisikia neno birika hufikiria chai. Ukishuka gatini Lamu ukapenya katika vichochoro vya mji huo wa kale, ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2001, utafundishwa maana nyingine. Huko birika ni tangi la maji lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa, likakaa msikitini kwa ajili ya kutawadhia au msalani mwa nyumba kwa ajili ya kuogea.

Ingia katika ile nyumba ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho. Wageni wengi hukimbilia kutazama vidaka vya ukutani na kusahau msalani. Ni hasara yao, kwa maana katika mabirika ya nyumba za aina hiyo ndimo lilimo jambo la ajabu: bakuli la kaure lililojengewa chini kabisa, katika sakafu ya birika. Si pambo tu. Wenyeji walifuga samaki wadogo majini ili wale viluwiluwi wa mbu, na maji yalipotekwa hadi kukauka, samaki walibaki hai katika yale yaliyosazwa ndani ya bakuli.

Walio na shaka na wakumbuke mwaka wa 2004. Kulikuwa na ukame, watu wakahifadhi maji majumbani kwa muda mrefu, na mbu wakapata pa kuzaliana. Homa ya chikungunya ikazuka Lamu, na uchunguzi uliofuata ulikadiria kwamba robo tatu hivi ya wakazi waliambukizwa.

Basi nimewaza: kwa nini tusijenge birika dogo la ndege katika bustani zetu za mjini, tukalipamba kwa kaure kama walivyofanya watu wa pwani, na tukaiga pia hadhari yao kuhusu mbu? Miti inakatwa kila mtaa ili majumba yapande, na wakati wa kiangazi shomoro, kwera na njiwa hutapia hata matone ya mfereji.

Kazi yenyewe watoto wataifurahia. Rundika mchanga mbichi uupe umbo la kichuguu cha mviringo, upana wa sentimita 40, na kimo kisichozidi sentimita tano. Ufunike kwa karatasi ya nailoni. Changanya saruji kipimo kimoja na mchanga safi vipimo vitatu, maji kidogo tu, kisha kandika juu ya kichuguu unene wa sentimita nne, ukisawazisha sehemu ya juu ili birika lipate kitako. Saruji huchoma ngozi, kwa hivyo mikono yote ivae glavu. Funika kwa gunia bichi siku tatu, ukilirushia maji, ndipo uligeuze taratibu.

Sasa mapambo. Sahani na vikombe vilivyovunjika havikosi katika nyumba yenye watoto, na masoko ya mitumba huuza vingine kwa bei ya chini. Mtu mzima avifunge ndani ya gunia na kuvigonga kwa nyundo, asugue kingo kwa jiwe, kisha avibandike kwa saruji laini kwenye ukingo na ubavu wa nje. Ndani acha pawe na mkwaruzo; kaure huteleza, na ndege asiyepata pa kushika miguu haingii. Ukienda Lamu au Manda, usiokote vigae vya magofuni kwa ajili ya kazi hii. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka wa 2006 inalinda mambo ya kale, na kigae kikishaondoka mahali pake hakiwezi tena kumweleza mtaalamu lolote.

Jaza maji na kuyamwaga kwa siku kadhaa kabla ya kuwaalika ndege, ili ukali wa saruji utoke. Liweke birika juu ya matofali, mahali peupe penye mti karibu wa kutulia, lakini mbali na kichaka anamoweza kujibanza paka. Tia jiwe katikati kwa ajili ya ndege wadogo.

Samaki wa Lamu hawataweza kuishi katika kina hicho, kwa hivyo kazi yao utaifanya wewe. Mwaga maji kila baada ya siku mbili, maana kiluwiluwi huhitaji takriban wiki moja kuwa mbu. Usugue na ukingo kwa brashi, kwani mayai ya mbu wa chikungunya hugandamana hapo na kustahimili ukavu kwa miezi. Maji ya mgao yakiwa haba, yale yaliyosuuzia mboga pasipo sabuni yatatosha. Lita mbili hadi tatu hivi hulijaza birika. Na familia ikisafiri, birika lipinduliwe.