Siku ya Mwisho Ndani ya Liemba

Tuliowahi kusafiri na MV Liemba katika Ziwa Tanganyika tunaijua siku ya mwisho ya safari. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Tangu 1927 ilibeba abiria wa ziwa hilo. Watalii walikaa vyumba vya juu wakitazama milima. Sisi wa daraja la tatu tulikuwa na magunia ya mahindi, ndoo za dagaa na watoto.

Kutoka Kasanga tulikuwa kijiji kimoja. Vituo vingi havikuwa na gati. Mitumbwi iliifuata meli hata usiku wa manane, na aliyepanda alivutwa mkono na mtu asiyemjua. Mwenye chai alimwita jirani. Mwenye mkeka aliusogeza.

Siku ya mwisho, ufuko wa Ujiji ulipoonekana, kijiji kilivunjika. Mikeka ilikunjwa, watoto wakaogeshwa, akina mama wakavaa vitenge vya kushukia. (Misafara ya zamani ilifanya vivyo hivyo ikikaribia Tabora: nguo safi, bendera juu, bunduki zikalia.) Kila mtu akahesabu mizigo yake. Katikati alibaki mzee mgonjwa aliyepandia Kipili na mjukuu wake, wakielekea Tabora. Siku zote hizo tulimnywesha maji kwa zamu. Sasa zamu haikuwa ya mtu.

Mjukuu akasema, "Baba Mchungaji, babu atashikwa na nani tukishuka?"

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, watu 276 walikuwa chombo kimoja na Paulo. Tunazoea kuhubiri dhoruba. Lakini hatari nyingine ilikuja nchi kavu ilipokuwa karibu: mabaharia walishusha mashua wajiokoe peke yao, na Paulo akamwonya akida kwamba wakiondoka hao, wengine hawataokoka.

Tabora nako kuna kisa cha namna hiyo. Mwaka 1873 Susi, Chuma na wenzao walifika Kwihara wamebeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo. Cameron, Mwingereza waliyemkuta pale, aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo.

Kule melini, mama mmoja muuza dagaa alitua ndoo zake. Hakusema neno. Alikunja kitenge chake cha kushukia, akakitandika chini ya mgongo wa mzee, akatutazama. Tukashika pembe nne. Vijana wawili waliokwisha kufika ngazini wakarudi. Ndoo za mama zilibaki sitahani bila mlinzi, naye alikwenda nasi hadi stesheni.

Treni ilipoingia Tabora mzee alikuwa hai. Wanawe walikuwa wanasubiri. Kabla hawajamshusha alituuliza kama yule mama alizikuta ndoo zake.